Bibi alikaa barazani na rozari yake, sisi tukiwa mtandaoni

BARUA

Tumsifu Yesu Kristo.

Shikamoo Mama. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 38, naishi pembezoni mwa Dar es Salaam, upande wa njia ya Bagamoyo. Huu ni mwaka wangu wa nne nikiwa katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo ya Kikatoliki, majirani tunaosali pamoja majumbani kwa zamu. Nimeianza barua hii mara tatu nikaifuta, kwa sababu kila nikifika kwenye habari ya Bibi machozi yananitoka.

Kundi letu la WhatsApp tulilianzisha mwaka 2020, kipindi cha korona, tulipoogopa kubanana sebuleni kwa watu. Mwanzoni lilikuwa la matangazo tu: Jumamosi ibada iko kwa nani, nani amefiwa, mchango wa kigango umefikia wapi. Sasa lina watu 71. Kila siku naamka saa kumi na moja alfajiri, naweka masomo ya siku, picha ya mtakatifu wa siku na sala fupi. Ikifika saa mbili asubuhi zimeshajipanga "Amina" thelathini, arobaini. Mama, nilikuwa nazihesabu. Na nilikuwa nafurahi.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kwenye ibada yenyewe, tunafika watu tisa. Siku ya watu wengi, kumi na mmoja.

Mvua za masika zilipochanganya mwaka huu, mwenyekiti alitangaza kwenye kundi kwamba kwa wiki chache tusali kwa video, kila mtu akiwa kwake. Tukafanya hivyo. Sasa katika jumuiya yetu kuna Bibi mmoja, mjane, ana zaidi ya miaka 70, anaishi na mjukuu wake. Ana simu ya kitochi, kwa hiyo hayumo kwenye kundi. Hakuna aliyemwambia. Jumamosi ya kwanza akaja na kanga yake kichwani na rozari mkononi hadi nyumba iliyokuwa zamu, akakuta geti limefungwa, akakaa barazani kusubiri. Sisi tulikuwa tunasali muda huohuo, kwenye simu. Jumamosi iliyofuata akaja tena, akakaa tena. Ya tatu hakuja, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza.

Zilipita wiki tatu. Habari zake nilizipata kwa mama anayeuza mchicha pale barabarani: presha ilipanda, mguu umevimba, hatoki ndani. Nilikwenda jioni ileile. Hakunigombeza. Alinishika mkono akasema, "Nilidhani jumuiya imekufa, mwanangu." Kisha akaniambia kwamba kila Jumamosi saa kumi na mbili alikuwa anasali kitandani, akitutaja majina mmoja mmoja.

Nililia kwenye bajaji hadi nyumbani.

Usiku ule niliandika kwenye kundi. Pole zikamiminika, mikono ya sala, stika za Bikira Maria, na ndani ya saa mbili zilikuwa zimeingia kwenye simu yangu shilingi 186,000 za kumsaidia. Waliokwenda kumwona hadi leo ni wawili. Mmoja wao ni bibi mwenzake ambaye naye hana simu janja.

Mwenyekiti anasema mnaona, kundi linafanya kazi, fedha zimepatikana ndani ya saa mbili. Anapendekeza tuwe tunakutana ana kwa ana mara moja tu kwa mwezi, Jumamosi zilizobaki tusali kwa video, maana watu wana kazi na foleni. Mzee mmoja naye amesimama akasema simu ni mlango wa ibilisi, kundi lifungwe kabisa. Na katikati ya hayo mweka hazina aliweka kwenye kundi orodha ya familia ambazo hazijakamilisha zaka. Mama mmoja aliyekuwa kwenye orodha ile alitoka kundini dakika hiyohiyo. Tangu siku ile haji ibada, na hata parokiani simwoni.

Ningekubaliana na mzee, lakini kuna binti wa mama mmoja wa jumuiya yetu anafanya kazi za ndani Muscat, Oman. Kutoka kwenda kanisani ni mpaka mwajiri apende, na mara nyingi hapendi. Mimi humtumia rozari yetu tuliyorekodi, anaisikiliza usiku akishamaliza vyombo, amejifunika shuka. Aliposikia habari za kufunga kundi alinitumia sauti akisema, "Dada, msinizimie."

Na la mwisho. Mume wangu juzi aliniambia kwa upole kabisa: "Unawapa watu 71 neno la asubuhi, sisi humu ndani hatupati hata salamu."

Naomba uniongoze, Mama. Tufunge kundi? Tukubali la mwenyekiti? Na mbele ya Bibi nisimame vipi?

Katibu, Dar es Salaam


JIBU

Milele na milele, amina. Marahaba mwanangu.

Nimeyarudia maneno ya Bibi mara kadhaa. "Nilidhani jumuiya imekufa." Kisha huyohuyo aliyedhani imekufa ndiye aliyekuwa anaitaja kwa majina, mmoja mmoja, kitandani, na mguu umevimba. Mimi naona kwamba zile Jumamosi tatu jumuiya yenu haikufa. Ilikuwa inapumua kwenye kile chumba cha Bibi.

Kosa limetendeka, na sitakuambia ni dogo ili ulale vizuri. Ila nataka tulione lilipo hasa, kwa sababu wote wawili, mwenyekiti na yule mzee, wanaliangalia mahali pasipo penyewe. Mzee anasema kosa ni simu. Lakini Bibi anayo simu. Kitochi kinapokea simu, kinapokea na ujumbe mfupi. Kati ya watu 71 wenye bando, hakuna aliyebonyeza namba yake akamwambia, "Bibi, leo hatukutani, usitoke na mvua hii." Hata bila simu kabisa, mjukuu wake anapita njia moja na watoto wenu wakienda shule. Hamkukosa njia ya kumfikia. Mlimsahau, na mlimsahau kwa sababu kundi lilikuwa limeshachukua nafasi ya orodha ya watu vichwani mwenu. Asiyekuwa kwenye kundi akawa kama hayupo duniani.

Hilo ndilo linalonitisha kuhusu hizi simu zetu, kuliko picha chafu na umbea unaokemewa kila siku madhabahuni. Picha chafu mtu anajua ni dhambi, anaungama. Lakini kuweka masomo ya siku, kupata "Amina" arobaini na kuhisi kwamba umeshaihudumia jumuiya, hilo nani ataliungama? Wewe umeliandika mwenyewe bila kusukumwa, na kwa hilo nakuheshimu.

Yule mzee anayetaka kundi lifungwe, muulize kwa heshima zote: Mtume Paulo angefanya nini bila barua? Sehemu kubwa ya Agano Jipya tunalolisoma Jumapili ni ujumbe uliotumwa kwa watu waliokuwa mbali. Kanisa halijawahi kuogopa chombo cha kupeleka neno. Tangu mwaka 1967 lina hata siku yake ya kuombea mawasiliano kila mwaka. Lakini angalia Paulo na wenzake walivyozitumia hizo barua. Yohana, katika barua yake ya pili, ile fupi ambayo wengi tunaipita, anasema anayo mengi ya kuandika ila hataki kuyamaliza kwa karatasi na wino. Anatumaini kuja, waseme mdomo kwa mdomo, ili furaha iwe kamili. Anayasema hayo huku akiandika kwa karatasi na wino. Barua anaipenda, na anaujua ukomo wake.

Na ipo ya Filemoni. Hiyo naomba mwisome pamoja Jumamosi moja, haizidi ukurasa. Paulo yuko kifungoni, anataka kuwapatanisha watu wawili, bwana na mtumwa aliyemkimbia. Angeweza kutuma barua peke yake. Badala yake barua inafuatana na Onesimo mwenyewe, yule mtumwa, mwili na roho, anasimama mlangoni kwa aliyemkosea. Barua ile inalisalimu pia kanisa linalokutana nyumbani kwa Filemoni, yaani jumuiya kama yenu, sebuleni kwa mtu. Na karibu na mwisho Paulo anaomba atayarishiwe mahali pa kulala, maana anatarajia kuja. Kila ninapoisoma nafurahi pale. Barua nzito kuliko zote juu ya kusameheana inamalizikia kwenye habari za kutandika kitanda cha mgeni.

Basi kundi lenu lisifungwe. Lirudi kuwa barua, barua ambayo nyuma yake kuna mtu anakuja.

Sasa mwenyekiti. Nina hakika si mtu mbaya. Ameona watu tisa sebuleni na 71 kwenye simu, akahesabu kama anavyohesabu mtu wa kazi. Na hoja yake ina kitu cha kweli ndani: Mungu hazuiwi na umbali. Yule akida wa Kapernaumu alimwambia Yesu asijisumbue kuja nyumbani, aseme neno tu, na mtumishi akapona papo hapo. Maneno yale tunayasema kila Misa kabla ya Komunyo: sema neno tu, na roho yangu itapona. Lakini tukishayasema tunafanya nini? Tunainuka kwenye benchi. Tunapanga foleni, tunatembea hadi mbele, tunafungua mdomo au tunanyoosha mikono. Tumekiri kwamba neno linatosha, na Bwana mwenyewe bado anatuita tuje tule.

Baba Mtakatifu Fransisko aliligusa hili tarehe 17 Aprili 2020, katika Misa ya asubuhi pale Santa Marta, Vatikani, dunia ikiwa imejifungia na waamini wakimfuata kwenye luninga na simu. Wakati ule kusali kwa video kulikuwa lazima, na yeye mwenyewe alikuwa anatangaza kwa njia hiyo. Hata hivyo alionya kwamba uhusiano na Yesu usio na jumuiya, usio na Mkate, usio na sakramenti, una hatari. Alisema tumepitishwa njia hiyo ili tutoke ndani yake, tusije tukakaa humo. Injili ya siku ile ilikuwa Yohana 21, wanafunzi wamekesha ziwani, na Yesu mfufuka yuko ufukweni amewasha moto wa makaa, ameweka samaki na mkate. Aliyeshinda mauti anawapikia chai ya asubuhi. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2023, ofisi ya Vatikani ya mawasiliano ilitoa tafakari juu ya mitandao ya kijamii ikasema jambo ambalo hata Bibi angelisema: chakula hakiliwi kwa pamoja kupitia kioo cha simu. Na sakramenti hazitolewi mtandaoni, hilo Roma ilishaliandika wazi tangu mwaka 2002. Padre hawezi kukupaka mafuta ya wagonjwa kwa video. Lazima aje hadi ulipo, na kwa kawaida dole gumba lake liguse paji la uso wako. Nashangaa sikuona kwenye barua yako kama Bibi amepelekewa Komunyo. Kama bado, hiyo ni kazi ya kesho, kabla ya mikutano mingine yoyote. Katekista aambiwe, paroko aambiwe.

Kwa hiyo tatu kwa video na moja kwa miguu, hapana. Geuzeni. Na kama saa kumi na mbili ya Jumamosi inawashinda kweli wauguzi wa zamu na walinzi na vijana wa bodaboda, badilisheni saa kabla hamjabadilisha mahali. Jumapili jioni ipo. Au fanyeni jambo ambalo naona linawahitaji zaidi: igawanyeni jumuiya. Maaskofu wa nchi zetu za Afrika Mashariki walipokaa Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, wakaamua Kanisa lijengwe kuanzia chini, katika jumuiya ndogo ndogo, walikuwa wanawaza watu wanaofahamiana, majirani wanaoonana. Watu 71 si ndogo ndogo tena. Kundi la simu limewawezesha kuwa wengi bila kuhisi uzito wa wingi wenu, maana kwenye simu hakuna anayekosa kiti. Chukueni karatasi, choreni nyumba zenu, na mipaka iwekwe kwa kipimo cha miguu ya Bibi: anapoweza kufika akijikongoja, hapo ndipo jumuiya yake inapoishia.

Kuhusu zile shilingi 186,000, msiniambie hazina maana. Zitanunua dawa za presha na nauli ya kwenda kliniki. Anayetuma elfu tano akiwa kazini Kariakoo hadi usiku ametoa kwa upendo, na Mungu ameona. Ninachokataa ni mtu anayekaa nyumba ya nne kutoka kwa Bibi kutuma fedha ili asiende.

Nikuambie kilichonipata mimi. Nilifiwa na mtoto wangu wa pili akiwa na miezi saba, zamani, kabla simu hazijafika mikononi mwa watu kama sisi. Wana jumuiya walikuja. Waliyoyasema sikumbuki hata neno moja. Ninachokumbuka ni mama mmoja, wala hatukuwa marafiki sana, aliyepita moja kwa moja uani akakuta nepi za marehemu mwanangu ziko kwenye beseni, zimelowekwa tangu siku ile tulipokimbilia hospitali. Akazifua, akazianika, zilipokauka akazikunja akaziweka mahali ambapo sitaziona ghafla. Hakuniambia. Niliziona miezi baadaye. Ujumbe wa pole ungepita wapi ukaliona lile beseni? Mtu aliyeko mbali anajua tu kile unachomwambia. Aliyekuja anaona kile ambacho wewe mwenyewe huna nguvu ya kukisema. Nenda kwa Bibi tena, safari hii usikae tu kwenye kiti. Angalia ndoo ya maji. Angalia kama mjukuu ana sare iliyofuliwa.

Orodha ya zaka sasa. Hapa nitakuwa mkali kidogo, na naomba mweka hazina asomewe. Bwana wetu ametufundisha utaratibu, uko Mathayo 18: ndugu yako akikukosa, "enenda ukamwonye, wewe na yeye mkiwa peke yenu." Tazama ni maneno mangapi. Enenda: tumia miguu. Peke yenu: bila watazamaji. Na mtu aliyechelewesha zaka hajawa hata mkosaji. Huenda mume ameachishwa kazi, huenda mtoto amerudishwa nyumbani kutoka shule. Mlimvua nguo mbele ya watu 70 na kila mmoja aliiona akiwa kwake, kwa hiyo hakukuwa na hata jicho moja la huruma ambalo angelikuta akiinua kichwa. Sebuleni jambo lile lisingesemwa, kwa sababu mweka hazina angeuona uso wake. Zaka ziendelee kulipwa kwa simu, ni salama na risiti inabaki. Orodha za wadaiwa zisiwekwe kwenye kundi tena. Na mweka hazina aende kwake kwa miguu, aombe radhi, asitangulize ujumbe. Kama anaogopa, wewe fuatana naye hadi getini, kisha mwache aingie peke yake. Mkimweleza kwa simu atawasamehe kwa simu, halafu Jumapili mtapishana kanisani kila mtu akiangalia upande wake.

Binti wa Muscat. Mwanangu, huyu ndiye sababu ya kuwa na kundi. Najua Muscat wapo Wakatoliki wengi, lipo kanisa la Watakatifu Petro na Paulo pale Ruwi, na wakipata ruhusa hujaa. Lakini kanisa kuwepo mjini hakumsaidii aliyefungiwa jikoni. Kwake yeye ile sauti yenu chini ya shuka ndiyo jumuiya yote aliyonayo. Kwa hiyo msimpe makombo. Rozari mliyorekodi mwezi uliopita ni nzuri, lakini mtajeni kwa jina ndani yake. Jumamosi mkikutana, mmoja wenu ampigie, kule kwao itakuwa saa moja asubuhi, na kama hawezi kupokea basi aachiwe sauti: leo tulikuwa kwa fulani, tumesoma injili hii, mama yako alikuwepo, ametuombea. Na yeye apewe kazi. Alete nia ya kuombea. Mtu anayepokea tu anachoka, anaanza kujiona mzigo.

Na mama yake yuko hapo kwenu. Kumtembelea mama yake ndiyo njia ya kumtembelea yeye. Siku mkimaliza kumtembelea mpigeni picha akiwa amekaa katikati yenu, mtumieni binti. Picha ya namna hiyo ina miguu nyuma yake.

Hilo linanifikisha kwa mume wako. Sitasema mengi, kwa sababu yeye ameshayasema vizuri kuliko ninavyoweza. Saa kumi na moja alfajiri ukiamka, simu ibaki ilipolala. Mwamshe, mwite na watoto wakiweza kuamka, someni injili ya siku kwa sauti, sentensi chache, kwenye Biblia ya karatasi. Sina ugomvi na Biblia ya kwenye simu. Nami naitumia nikiwa kwenye daladala. Lakini ile ya karatasi haikuletei ujumbe wa mchango wa harusi katikati ya Heri Nane. Mkimaliza, mkishapata chai, ndipo uwawekee wengine masomo. Yatawafikia saa moja badala ya saa kumi na moja na hakuna atakayepungukiwa. Kama siku moja moja utasahau, usiombe radhi.

Ukatibu wako nao nakuongezea jambo moja tu. Daftari la mahudhurio unaandika waliofika. Anza kuandika na ambao hawakuonekana, na kabla ya Misa ya Jumapili kila jina liwe na mtu aliyelifuata, kwa kupiga simu au kwa kugonga hodi. Wenye vitochi na wasio na simu kabisa, waandike ukurasa wa kwanza. Tangazo lolote la kubadilisha siku au mahali lianzie kwao, na kama halijawafikia basi halijatangazwa.

Uliniuliza usimame vipi mbele ya Bibi. Yeye ameshakushika mkono, kwa hiyo ameshakusamehe, lakini muombe radhi hata hivyo, kwa maneno, ukiwa umekaa chini na si umesimama mlangoni. Mwambie ukweli wote: kwamba zile Jumamosi mbili alizokaa barazani ninyi mlikuwa mnasali kwenye simu na hakuna aliyemkumbuka. Usimfiche ili asiumie. Anastahili kujua kwamba hakukosea siku, maana watu wa umri wake wakikuta geti limefungwa huanza kuogopa kwamba akili zao zinawatoka.

Kisha mwambie mwenyekiti kwamba Jumamosi hii zamu ni kwa Bibi, kama afya yake inaruhusu watu. Chumba ni kidogo, najua. Bebeni vigoda na mkeka, wengine wakae nje mlangoni. Msimpikishe, nendeni na chai yenu kwenye chupa na maandazi. Ukifika wakati wa nia, kabla ninyi hamjafungua mdomo, mwombeni Bibi awataje kama alivyokuwa anawataja, mmoja mmoja, na binti wa Muscat asikie jina lake kwenye simu iliyowekwa pale juu ya kitanda.